Kupeleka familia Takwa, kisiwani Manda: angalia maji kwanza, saa baadaye

Watu wengi wakija Lamu na familia wanaishia forodhani na Shela, kile kijiji cha jirani, wanapiga picha na punda, wanakula samaki, wanarudi kwao. Si vibaya. Lakini ukisimama forodhani ukatazama ng'ambo ya mkondo, ile ardhi ya kijani iliyolala mbele yako ndo Manda, na sehemu kubwa ya kisiwa hicho ni pori tupu, mibuyu, mikoko, vichaka vya miiba, na upande wa pili bahari kuu yenyewe inapiga. Ndani kwenye hilo pori kuna mji wa zamani unaitwa Takwa, kuta bado zimesimama, msikiti bado una mihrabu yake. Hamna duka, hamna bomba, hamna mtu wa kukuuzia soda. Kwa watoto wa siku hizi mimi sijaona pahali pazuri kushinda hapo.

Mimi nimezaliwa Lamu nikaolewa Malindi, na tangu huyu kifungua mimba wangu aweze kutembea bila kubebwa tunaenda Takwa karibu kila mwaka, mara nyingine na mama mkwe, mara nyingine na mabinamu mpaka boti inajaa. Kila likizo ikikaribia simu zinaanza, tunaendaje, tubebe nini, ni salama kwa mtoto mdogo, boti gani. Bas nimeona niandike yote mara moja, kila anayeuliza nimtumie.

Kitu cha kwanza kabisa, na ukisahau yote mengine hiki usisahau: safari ya Takwa unaipanga kwa maji, huipangi kwa saa ya mkononi. Kuingia Takwa kwa boti unapita mlango wa maji katikati ya mikoko, na huo mlango una maji ya kutosha wakati bahari imejaa tu. Bahari ikitoka unabaki tope. Ukifika maji yako chini huingii, na ukiingia ukajisahau hutoki. Ndo maana ukimuuliza nahodha wa Lamu "tuondoke saa ngapi kesho" hakujibu hapo hapo, anafikiria kwanza mwezi uko tarehe ngapi.

Hesabu yenyewe si ngumu, hata wewe unaweza kuifanya nyumbani Malindi au Mombasa kabla hujakata tikiti ya basi. Chukua ile kalenda ya msikiti iliyo ukutani, angalia tarehe ya Kiislamu. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani tarehe 14, 15 hivi, hapo ni bamvua, bahari inajaa sana na inatoka sana, na pwani yetu hii siku za bamvua maji yanajaa karibu saa kumi, alfajiri na tena jioni, na yanakuwa chini kabisa karibu saa nne asubuhi. Alafu kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7, 8 au 21, 22, ni maji mafu, yanajaa kidogo yanatoka kidogo, na kujaa kwake kunaangukia saa nne, saa tano asubuhi.

Sasa kwa familia yenye watoto siku nzuri ni zipi. Bamvua yenyewe mimi siipendi, manake maji yanajaa saa kumi jioni, utafika Takwa jioni na utatoka giza linaingia na mbu wameamka. Maji mafu nayo hayapandi vya kutosha, boti kubwa yenye watu 12 na mizigo inaweza kukwaruza chini, ukienda siku hizo uliza mashua ndogo. Ninazozitaka mimi ni siku tatu nne kabla ya bamvua, yaani tarehe 10, 11, 12 au 25, 26, 27 za Kiislamu. Hapo maji yanajaa kati ya saa saba na saa tisa hivi mchana, na yana nguvu ya kutosha. Chukulia siku ambayo yanajaa saa nane: mlango unaanza kupitika saa sita, na saa tisa na nusu muwe mshapanda boti. Hapo mna saa tatu na nusu za kutembea, kula, kuswali na kwenda kuona bahari. Hizo saa ni za kukadiria lakini, upepo na mvua vinaweza kuzisogeza, kwa hiyo ukifika Lamu neno la mwisho ni la nahodha si la kalenda.

Nalisisitiza hili manake lishatukuta. Mwaka mmoja tulikuwa na wageni kutoka bara, watu wazima sita na watoto watano, chakula kikanoga, maneno yakanoga, nahodha akaja mara ya kwanza akasema "ndooni, mai yatoka", yaani njooni, maji yanatoka, tukamwambia dakika kumi tu. Akaja tena. Tulipofika kwenye boti maji yalikuwa bado yapo, ukiyatazama unaona yanatosha kabisa, lakini hatukufika mbali, nikasikia chini ya boti ule mkwaruzo wa tope, laini, kama mtu anaburura gunia la mchele sakafuni, alafu kimya. Baharia akashuka na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, akasukuma, pondo likazama kwenye tope mpaka nusu likakataa kutoka. Tukabaki hapo. Maji yakazidi kuondoka mpaka mizizi ya mikoko ikawa wazi yote, imesimama kama vidole, na kaa wekundu wakaanza kutoka kwenye mashimo wakitutazama. Mwanzoni watoto walifurahi, wanahesabu kaa. Magharibi ilipoingia na usubi ukaanza kuuma furaha ikaisha, maji ya kunywa yakawa ya kugawana kwa kifuniko cha chupa, na tulitoka pale usiku, bahari iliporudi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Tangu hiyo siku nahodha akiita mara moja mimi nasimama, hata kama wali bado uko kwenye sahani.

Haya, kufika. Kama mnatoka Malindi au Mombasa mnapanda basi la Lamu, linapitia Garsen, Witu, Hindi mpaka Mokowe, na barabara sasa ni lami. Bebeni vitambulisho vyote, na cha mtoto angalau kopi ya cheti cha kuzaliwa, manake njiani kuna vizuizi vya polisi na abiria wanateremshwa kukaguliwa, ndo utaratibu wa ile njia na ni kwa usalama wetu sote. Kabla hamjaondoka pigieni mtu aliyeko Lamu muulize hali ya njia. Pandeni basi la asubuhi, msilazimishe safari ya jioni na watoto.

Mokowe ndo mwisho wa gari. Kuanzia hapo ni boti, na kwa mtoto ambaye hajawahi safari inaanzia hapo. Kuna boti kubwa za abiria zinazojaa watu na mizigo, magodoro, makreti ya soda, mbuzi, hizo zinachukua kama nusu saa mpaka forodhani Lamu, na kuna spidi boti za dakika kumi hivi. Mimi na watoto napanda ile kubwa. Inakwenda polepole, haipigi mawimbi, mtoto anapata kuzoea mwendo wa maji kabla ya safari yenyewe, na ndo nafasi yako ya kumjua nani roho inamchafuka baharini. Wanaokuja kwa ndege wao wanatua Manda kwenyewe, uwanja wa ndege uko huko, wanavuka mkondo kwa boti wanaingia mjini. Msidhani lakini kwamba mkitua Manda mshafika Takwa, baina ya uwanja na Takwa ni pori na mikoko, wote tunapitia baharini.

Lala Lamu angalau usiku mmoja kabla. Wapo wanaotaka kushuka basi na kuunganisha Takwa siku hiyo hiyo, na watoto washachoka, jua kali, mwisho inakuwa vilio.

Kutafuta boti. Forodhani utafuatwa na vijana wengi kabla hata hujashusha mkoba, wengine wazuri, wengine wana maneno tu. Usikubaliane na mtu ambaye hakuonyeshi boti. Mwambie kwa upole, nipeleke nikaione. Ukifika angalia laifu jaketi, si kuulizia, kuziona na kuzihesabu, na ziwepo za saizi ya watoto manake ile ya mtu mzima mtoto wa miaka minne anateleza anatoka kwa chini. Mvalishe hapo hapo umfunge, umnyanyue kwa mabega ya jaketi, ikipanda mpaka masikioni haimfai. Angalia ndani ya boti kama ngama, yale maji yanayokusanyika chini ya chombo, ni nyingi, maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, yakiwa mengi ujue kuna pahali panavuja. Uliza kama kuna chandarua cha turubai cha kivuli, saa saba mchana juani bila kivuli ni mateso kwa mtoto na kwa mzee.

Bei mpatane yote mapema: ni ya boti nzima ama ya kichwa, mafuta yamo, kusubiri kumo, chakula kimo ama mnabeba wenyewe. Mlipe nusu, nusu mkirudi. Mwambie waziwazi una watoto wangapi na una mzee, nahodha mzuri atakwambia mwenyewe siku gani ukae na siku gani uende. Nahodha anayekwambia "wakati wowote twaenda" bila kutaja maji, huyo muache.

Na jambo la injini na tanga, watu huniuliza sana. Jahazi la tanga ni zuri mno, watoto wanaona foromali, ule mti unaobeba tanga, ikipandishwa, wanasikia tanga likipiga pwaa likishika upepo. Lakini upepo hauna ahadi. Kwa mlango wa Takwa wenye saa zake mimi nachukua chombo chenye vyote viwili, twende kwa tanga tukipenda, turudi kwa injini ikibidi. Kwa injini kutoka mjini haifiki saa nzima.

Msimu. Likizo ya Disemba ndo bora, kaskazi inavuma, bahari imetulia, joto ni kali ila upepo upo. Oktoba na Novemba wakati wa matlai, kusi imeisha na kaskazi haijaingia, pia ni pazuri sana, bahari inakuwa kama kioo. Likizo ya Aprili ni mvua za masika na kusi inaanza, mimi siendi. Agosti kusi bado ina nguvu, lakini mkondo baina ya Lamu na Manda umejikinga kiasi, nshaenda Agosti mara mbili na tulifika salama, tulilowa tu. Ila ule upande wa bahari kuu Agosti ni wa kutazama kwa mbali.

Sasa mizigo, na hapa naanza na maji. Manda haina maji matamu ya kutegemea. Wazee wetu wanasema hata watu wa Takwa wenyewe moja ya sababu zilizowahamisha ni visima kugeuka chumvi, mji mzima ukahama kuvuka ng'ambo Shela, ambako ile milima ya mchanga inahifadhi maji matamu chini yake, na Lamu yote inayanywa mpaka leo. Sasa kama mji mzima ulihama kwa ajili ya maji wewe usiende na chupa mbili. Mimi nahesabu lita mbili kwa mtu mzima, moja na nusu kwa mtoto, alafu naongeza dumu la lita tano ambalo haliguswi mpaka turudi kwenye boti. Hilo dumu niliongeza baada ya ule usiku wa tope. Maji ya kunywa yasitumike kunawa wala kutawadha, udhu wa maji ya bahari unatosha, fundisheni watoto hilo nao watakumbuka.

Chakula beba kisichoharibika kwa joto. Mahamri, mkate wa sinia, viazi vya karai, kachori, mayai ya kuchemsha, machungwa, tende. Wali wa nazi unachacha upesi kwenye joto, ukiubeba ule mapema, usiuache mpaka saa tisa. Maembe ya Disemba yabebe mazima na kisu, usiyamenye nyumbani. Nahodha wengine wanabeba mshipi, wakipata changu au tafi wanamchoma kwa makaa, huyo samaki na ndimu na pilipili ukamla umekaa mchangani, mashallah. Makaa yawashwe pale nahodha atakapokuonyesha, kamwe si ndani ya magofu wala chini ya mbuyu.

Vingine: mkeka, leso tatu nne (leso inafunika kichwa, inapangusa, inambeba mtoto akilala, inakuwa pazia la kubadilisha nguo), kofia za kila mtoto, viatu vya kufunga kwa kutembea magofuni na makubadhi mengine ya kuingia majini, manake kwenye mizizi ya mikoko kuna chaza na ganda lake linakata kama wembe. Dawa ya mbu. Bandeji, dawa ya kidonda, panadol, chumvi na sukari ya kuchanganyia maji mtoto akiharisha. Tangawizi ya kutafuna kwa wanaochafukwa na roho, na mtoto wa namna hiyo mkalishe katikati ya boti atazame mbali, asitazame chini. Simu iweke kwenye mfuko wa nailoni, ichaji ijae, mtandao una sehemu unashika na sehemu haushiki. Na gunia tupu la takataka. Hilo gunia usilisahau, huko hamna pipa na hamna gari la taka, mlichoenda nacho mnarudi nacho chote mpaka ganda la yai.

Asubuhi hiyo mwambie kila mtu aende chooni kabla ya kutoka nyumbani. Najua ni jambo dogo ila kwenye mashua na mabinti si dogo.

Safari yenyewe. Mkitoka forodhani mnakwenda na mkondo, Lamu inabaki upande mmoja na Manda upande mwingine, mnapishana na mashua zilizobeba mawe. Hayo mawe ni ya matumbawe, yanakatwa kwa mkono Maweni huko huko Manda, na nyumba nyingi za Lamu zimejengwa nayo. Muonyeshe mtoto. Alafu boti inakata inaingia kwenye mlango wa mikoko na hapo kila kitu kinabadilika, upepo unakufa, maji yanalainika, sauti ya injini inarudi kutoka pande zote. Mwambie nahodha azime injini dakika tano apige pondo tu. Hizo dakika tano ndo watoto wangu wanazikumbuka kuliko yote. Unasikia tik, tik, tik ndani ya mikoko, ndo kaa na chaza, na samaki wadogo wanarukaruka mbele ya boti kama mtu ametupa changarawe.

Wafundishe majina, tusiache yapotee. Mkoko ndo ule wenye mizizi ya matao iliyosimama juu ya maji. Mchu ndo ule wenye vijiti vingi vinavyochomoza kutoka topeni kumzunguka, anapumulia hivyo. Kuna muia, kuna mkandaa, kuna mlilana. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu hii, na boriti za dari za nyumba za bibi zetu zilitoka humu humu. Mtoto wangu wa pili alivyosikia hivyo tukirudi nyumbani kwa bibi alilala chali mkekani akahesabu boriti zote za dari.

Mkishuka mnatembea kidogo, mnalipa kiingilio. Takwa iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, bei ya mkaazi, ya mgeni na ya mtoto hazilingani, ulizeni makumbusho ya pale mjini Lamu siku moja kabla, bei na njia ya kulipa pia.

Mji wenyewe uliishi karne ya 15 mpaka ya 17, ukahamwa, na kwa zaidi ya miaka 300 mibuyu ikaota ndani ya vyumba. Nataka uupitie polepole na watoto, msikimbie. Milango ya nyumba imeelekea kaskazini, na kutoka huku kwetu kaskazini ndo kibla. Simama na mtoto mlangoni umuulize mbona zote zinatazama upande mmoja, muache afikirie mwenyewe, akishindwa mpeleke msikitini aone mihrabu nayo inatazama huko huko. Msikiti wa Ijumaa ndo jengo lililosimama vizuri zaidi, na juu ya ukuta wa kibla kuna nguzo, jambo ambalo hulioni kwenye misikiti mingi, wanasema chini yake amezikwa mtu mwema. Kuna kisima. Ukutani ukitazama kwa karibu utaona chokaa ya zamani na ndani ya mawe utaona maumbo ya matumbawe, mviringo mviringo kama maua, yaani kila ukuta ulikuwa mnyama wa baharini. Mwanangu mdogo aliweka kidole kwenye duara moja akafuata mistari yake mpaka mwisho, alafu akahamia jingine, nikamuacha tu.

Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo, refu, na lina maandishi yenye mwaka ambao kwa hesabu ya Kizungu ni 1681 au 1682. Hilo kaburi si la kuchezea. Watu wa Shela, ambao asili yao ni hapo Takwa, bado huvuka wakaja kulizuru na kuomba dua ya mvua. Kwa hiyo hapo ni kwa watu, ni ziara, si gofu lisilo na mwenyewe. Vaeni nguo za heshima, mkiwa na nguo za kuogelea jifungeni leso juu, msipande kaburi wala kuta, msiandike majina, mtoto akiokota kipande cha chungu au ushanga mwambie akitazame akirudishe palepale. Mwambieni salamu za makaburini, azijue.

Nyoka wapo kama pori lolote, kwa hiyo mikono isiingizwe mashimoni na viatu visivuliwe. Sijawahi kuumwa mtu kwenye safari zetu. Ukitembea kimya utaona paa wadogo wakikatiza njia.

Kutoka magofuni kuna njia inayopita vichakani inapanda mchanga, na ukifika juu unaiona bahari kuu ghafla, Bahari ya Hindi yote mbele yako na ufuo hauna mtu hata mmoja. Watoto watataka kukimbia. Washike. Upande huu si kama mkondo wa Lamu, mawimbi yanavunjika kwa nguvu, maji yanavuta kuelekea nje, na hamna mlinzi wa waogeleaji wala mtu wa kumpigia ukunga. Sheria yetu ni maji mwisho magotini kwa watoto, na kila mtoto ana mtu mzima wake aliyetajwa kwa jina kabla ya kushuka, si "tutawaangalia wote", manake wote wakiangaliwa na wote hakuna anayeangaliwa. Kama mnataka kuogelea kweli kweli, ogeleeni mkirudi, mwambie nahodha awapitishe upande wa mkondo kwenye mchanga uliotulia. Hata huko tembeeni mkiburura miguu, yule samaki taa hujizika kwenye mchanga na akikanyagwa anachoma kwa mkia. Mkiona yavuyavu wameletwa na maji, toeni watoto.

Mchana mchanga unaunguza nyayo. Kaeni kwenye kivuli cha kichaka, watoto waokote makombe matupu wayapange, wachimbe. Ufuo wa namna hii kasa hupanda usiku kutaga mayai, mkiona njia pana kama ya tairi imetoka baharini ikarudi, mzunguke mbali, msichimbe hapo. Makombe yenye mdudu ndani yanarudi majini.

Kwa wenye wazee: mama mkwe wangu hakuweza ile njia ya mchanga, tulimuacha chini ya mbuyu na mkeka, chupa ya chai na binti mmoja wa kukaa naye, na yeye alisema alifaidi kuliko sisi. Msimlazimishe mzee, na msimuache peke yake.

Adhuhuri mnaswali hapo hapo kwa jamaa. Mkimaliza mtu mmoja ahesabu watoto, mwingine azunguke na gunia aangalie kila pahali mlipokaa, na mkeka ukunjwe hata kama nahodha hajaita. Kabla ya kupanda oshaneni miguu kwa maji ya bahari, tope la mikoko likiingia kwenye boti linateleza na watu wanaanguka.

Kama mna siku ya ziada, muulizeni huyo huyo nahodha kuhusu Manda Toto, kile kisiwa kidogo upande wa kaskazini mashariki wa Manda, hakikaliwi na mtu, matumbawe yake yanaonekana vizuri wakati wa kaskazi ukiwa na miwani ya kuzamia. Huko nako njia yake ni kupita Mkanda, ule mkondo baina ya Manda na bara, na Mkanda nao ni mfinyu hauna kina, unasubiri maji. Kwa mtoto chini ya miaka mitano mimi naona ni mbali, Takwa inamtosha.

Mkifika forodhani mmalizie nahodha nusu yake mkononi mbele ya baharia wake, mumpe na chakula kilichobaki kama ni kizuri, na lile dumu la lita tano ambalo halikuguswa muwamwagie watoto miguuni palepale ngazini kabla hawajaingia nyumbani kwa watu na mchanga.